Sifuri ya Mama Mkubwa

Mama mkubwa alipata sifuri kwenye mtihani alioutunga mwenyewe. Naanza na hilo kabisa, na nikipandisha sauti huko mbele univumilie, maana mpaka leo nikilikumbuka jambo hili masikio yanapata moto.

Mama mkubwa ni dada wa mama yangu, wa kwanza kuzaliwa kwao. Ni dobi. Si dobi wa beseni na kamba uani. Ni dobi wa hoteli, ile yenye ghorofa saba na mlango wa kioo unaojifungua wenyewe. Ule mlango si wetu lakini. Sisi tunaingia kwa nyuma, tunapita kwenye mapipa ya taka, tunashuka ngazi kumi na tisa, tunafika chini ambako kuna mashine sita za kufulia, vikausho vinne, na joto la kuivisha mkate. Mimi niko kwenye pasi, ile kubwa ya roli inayomeza shuka upande huu na kulitema upande wa pili likiwa limenyooka. Nina mwaka wa tatu. Yeye yuko kwenye madoa, ana mwaka wa kumi na moja.

Kazi ya madoa haina mashine. Doa la mvinyo, la wino, la damu, la rangi ya midomo, lote hilo ni brashi, dawa na mikono mitupu. Glavu walizotupa zilichanika wiki ya kwanza, na za pili bado ziko njiani. Miaka kumi na moja ziko njiani. Sijui zinakuja kwa kutambaa.

Sasa hoteli yetu inapokea sana wageni wanaosema Kifaransa. Wana tabia moja: mtu akituma nguo kufuliwa, anaandika kikaratasi anakibana kwa pini kwenye kola. Mwezi wake wa kwanza pale, Mama mkubwa alipewa blauzi ina kikaratasi. Hakuna aliyejua kukisoma. Akaifua kama zilivyo nyingine, ikatoka saizi ya mwanasesere. Kikaratasi kilikuwa kinasema isiguswe na maji ya moto. Nusura afukuzwe. Msimamizi alimtukana mbele za watu, na Mama mkubwa si mtu wa kujibu. Alikiokota kile kikaratasi, akakikausha juu ya kikausho, akaenda nacho mpaka chumba 214 kwa mwenye blauzi, bibi mmoja mjane anayekuja kila mwaka. Akamwambia kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, nisamehe, sasa nifundishe hapa pameandikwa nini.

Ndiyo mwanzo. Kila nguo inayoshuka kwetu inabanwa tiketi ngumu ya rangi ya waridi, yenye tundu pembeni. Hoteli ilipobadilisha rangi, za zamani zilikuwa zinatupwa boksi zima. Akazichukua. Mbele ya tiketi anaandika neno la Kifaransa, nyuma anaandika maana yake kwa Kiingereza. Kwa nini Kiingereza? Kwa sababu daftari la kazi linaandikwa Kiingereza, msimamizi anasoma Kiingereza, na chupa za dawa zimeandikwa Kiingereza. Kiswahili kilibaki mdomoni, kwa ajili yetu. Na kwa nini upande huu na upande ule, asiandike pamoja? Nilimuuliza siku moja.

"Mwanangu, jibu likikaa pembeni ya swali, akili inalala."

Basi. Kadi ya kwanza ilikuwa linge, yaani nguo za kufuliwa. Ya pili tache, doa. Ya tatu col, kola. Ya nne manche, mkono wa nguo. Akaenda hivyo hivyo, pindo, bitana, kifungo, wanga, mpaka vitu vya nguo vikaisha akaingia kwenye maneno ya watu. Vile wanavyosalimu, wanavyoshukuru, wanavyogomba. Kila akipita mgeni mwenye moyo mzuri alimuuliza, na bibi wa 214 akija alikuwa anamsahihishia zote za mwaka mzima. Alizitunga kadi kwenye kamba ya kiatu, zikafika mia sita na arobaini. Tukawa tunamwita Mama Kadi.

Tukisubiri mashine imalize kuzunguka, mtu anachomoa moja. "Haya Mama Kadi, doublure?"

"Lining. Bitana."

"Ourlet?"

"Hem. Pindo. Nipeni ngumu bwana, mnanidekeza."

"Haya: j'en ai ras le bol?"

Hapo anaweka brashi chini, anapitisha kiganja juu ya utosi, namna hii. "I've had enough. Yamenifika hapa!" Na sisi sote tunapitisha viganja. Hiyo ndiyo ilikuwa kadi ya mwisho kabisa, na ndiyo tuliyoipenda. Mashine ikigoma, ras le bol. Msimamizi akishuka, ras le bol, kimoyomoyo.

Mwaka huu mikono ikakataa. Ilianza kuchanika katikati ya vidole, ikapasuka viganjani, akawa anashika kikombe cha chai kwa vifundo vya mikono. Daktari alimgeuzageuza viganja akamwambia bila kuzunguka: ukikaa kwenye dawa hizi miezi sita tena, mama, vidole havitakunjika. Tafuta kazi kavu. Kazi kavu! Kama vile kazi zimewekwa sokoni mafungu mafungu, mtu anachagua.

Lakini Mungu si Athumani. Wiki ile ile likabandikwa tangazo kwenye ubao wa wafanyakazi. Anatakiwa msaidizi wa wageni, wa kukaa meza ya mbele pale mapokezi, awe anajua maneno na misemo ya Kifaransa na maana zake kwa Kiingereza. Mfanyakazi yeyote wa hoteli anaruhusiwa. Kutakuwa na mtihani. Jamani, chini kule tulipiga kelele mpaka tukasikika jikoni. Mimi nilimkumbatia, nikamwambia, "Kazi yako hiyo, imeandikwa jina lako bado tu kulitaja."

Akasema, "Usimwite ng'ombe wangu kabla sijamfunga." Lakini alikuwa anacheka.

Siku tatu baadaye akashuka Tai. Huyu ni mkufunzi wa wafanyakazi, tunamwita Tai kwa sababu ya ile tai yake shingoni, haivui hata kwenye joto letu. Hajawahi kushuka zile ngazi kumi na tisa tangu aajiriwe. Siku hiyo alishuka na tabasamu.

"Mama yangu, habari za kazi? Nasikia una hazina huku."

"Hazina gani, mwalimu? Ni karatasi zangu tu."

"Hebu nione." Akazishika. Akachomoa moja, nyingine, nyingine. Macho yakamtoka. "Mama, niazime siku tatu. Nataka niangalie kiwango cha mtihani, nisije nikawatungia kitu kigumu mkaumia."

Nikatoka kwenye pasi. "Mama mkubwa, usimpe."

"We mtoto, nyamaza."

"Sinyamazi. Mwenye mtihani haazimi majibu kwa mtahiniwa!"

Tai akanitazama kama doa. "Huyu ni nani?"

"Mwanangu huyo, mwalimu, msamehe, ulimi wake una pilipili." Akampa kamba nzima. Alivyopanda zile ngazi nilimwambia Mama mkubwa kwamba mpole akizidi upole wanamkalia kichwani. Akanijibu kwamba aliye na neno hapungukiwi kwa kulisema. Maneno mazuri. Yaandike, yatundike, yatakusaidia sana siku ukiibiwa.

Kadi zikarudi siku ya nne, zimetungwa vizuri kabisa, hata moja haikupotea.

Mtihani ulifanyika chumba cha mikutano, kwenye viti vilivyovishwa vitambaa vyeupe nilivyovinyoosha mimi. Walikaa watu kumi na wawili. Kabla ya kuanza, Tai akainua kijitabu kimepigwa chapa vizuri, jalada la bluu: Maneno na Misemo ya Kifaransa na Maana Zake kwa Kiingereza, kimetayarishwa na, halafu majina yake yote matatu. Akasema kijitabu kiligawiwa mapokezi wiki nzima wajisomee. Chini kwetu hakikufika. Ati karatasi zilipungua. Mama mkubwa alikiona kwa mbali, akaona maneno yanafanana na yake, akafikiri, kumbe Kifaransa ni kile kile, kila anayekiandika anaandika hivyo hivyo. Ndivyo alivyofikiri! Kuna watu Mungu amewanyima hata uwezo wa kushuku.

Maswali hamsini. Neno la Kifaransa, uandike maana. Alimaliza wa kwanza, akatoka anatabasamu, mikono ameificha mifukoni isichafue kitambaa cha kiti.

Jumamosi asubuhi matokeo yakabandikwa. Kijana wa mapokezi, arobaini na nane. Wengine thelathini, ishirini na kitu. Chini kabisa, peke yake kama mtu aliyefukuzwa msibani: Dobi, madoa, 0.

Sifuri. Jamani, hata mbuzi ukimfungulia karatasi atatafuna jibu moja la kweli. Watu walisoma ubaoni, wakageuka kumtazama. Msimamizi akasema, tena kwa sauti, "Miaka kumi na moja ya kadi, kumbe zilikuwa za kuchezea." Nilitaka kumvamia. Mama mkubwa alinishika mkono, na vile viganja vilivyopasuka vilinikwaruza kama msasa. Ndivyo nilivyotulia, si kwa kupenda.

Nyumbani hakulia. Bora angelia. Alikaa kwenye kiti cha jikoni, kamba ya kadi mapajani, akamwambia mama yangu, "Mdogo wangu, kumbe nilikuwa nasema upuuzi mbele za watu miaka yote."

Mama akasema, "Dada, achana nayo. Mtihani tu."

"Na yule bibi wa 214. Kila mwaka ananisahihishia, ananiambia vizuri sana, vizuri sana. Kumbe alikuwa anajiburudisha?" Akanigeukia, akaninyooshea kadi. "Chukua. Kawashie jiko."

Hapo ndipo nilipochemka hasa. Kwamba kazi imempita, sawa, nimeona watu wengi wakipitwa na kazi. Lakini mtu amechukua karatasi yake akamtazama usoni akamfanya aamini kwamba hajui anachokijua! Kiganja kitapona kikipata mafuta. Hili lingempeleka kaburini akiwa mjinga wakati si mjinga.

Sikuwasha jiko. Nilikwenda kwa dada wa simu, anayekaa nyuma ya mapokezi, nikamwomba kile kijitabu cha bluu. Akanipa Jumapili kabla ya saa sita mchana. Nikakaa sakafuni nyumbani, kadi huku, kijitabu huku. Mimi shule niliishia njiani, Kifaransa sijui zaidi ya viganja juu ya utosi, lakini herufi nazijua.

Neno la kwanza la kijitabu: linge. Sawasawa na kadi ya kwanza. Maana yake, kadiri ya kijitabu: I've had enough.

Nikasoma tena. La pili: tache. Maana: Please wait a moment. La tatu: col. Maana: Enjoy your stay.

"Mama mkubwa! Njoo hapa!"

"Nimekwambia uzichome."

"Njoo nakwambia! Linge ni nini?"

"Niache, mwanangu."

"Ni nini?"

"Nguo za kufua. Laundry. Au nilivyodhani mimi."

"Hawa wanasema ni yamenifika hapa."

Akainuka. Akachuchumaa kando yangu, akafunua kijitabu kwa kifundo cha mkono, ukurasa wa kwanza, wa mwisho, wa kwanza. Midomo inacheza. Halafu akachukua kadi, akazitoa kwenye kamba, akaanza kuzilaza sakafuni moja juu ya nyingine, uso juu, ya kwanza, ya pili, ya tatu, kama mtu anayezipitisha kwenye mashine ya fotokopi. Zikawa mnara. Akaitazama ile ya juu.

"Ya juu ni ipi sasa?"

"Ras le bol."

"Ya mwisho. Mwalimu alipiga kopi mbele zote kuanzia ya kwanza. Alipotaka kupiga nyuma, akaanza na hii iliyo juu, akashuka nazo. Kwa hiyo nyuma zimeanzia mwisho. Mchapaji akaja akapanga rundo hili na rundo lile, bega kwa bega." Akanitazama. "Kadi ni mia sita na arobaini. Hakuna hata moja iliyokutana na maana yake."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka mama yangu akaja kutoka uani kuuliza kuna nini. Halafu kicheko kikakatika, na mimi nikaona kitu sijawahi kukiona maisha yangu yote: Mama mkubwa amekasirika. Hakufoka. Uso ulikaza tu, kama shuka likipita kwenye roli.

"Kwa hiyo mimi najua," akasema.

"Unajua!"

"Na yeye hajui hata moja. Angejua moja tu, angeona."

Jumatatu saa tatu tulikuwa ofisini kwa meneja. Mimi sikualikwa, niliingia nyuma yake kama kivuli. Tai aliitwa. Mama mkubwa akaweka kadi mezani, akaeleza, pole pole, kwa heshima zake zote. Tai akacheka kidogo.

"Bosi, huyu mama ana uchungu wa kufeli. Kijitabu nimekifanyia utafiti mwenyewe. Kama maneno yanafanana, Kifaransa ni kimoja."

"Sawa, mwalimu," Mama mkubwa akasema. "Bosi, shika kijitabu, mimi nakaa nimekupa mgongo. Nisomee neno lolote la mbele, nitakwambia mmeandika maana gani. Siyo maana yake. Mliyoandika nyinyi."

Meneja akafunua. "Amidon."

Amidon ni wanga wa kunyooshea kola. Mama mkubwa akahesabu kadi kwa kidole, hii ni ya kumi na tisa tangu mbele, akaenda ya kumi na tisa tangu nyuma, akaigeuza. "Mmeandika: What a pity."

Meneja akatazama kijitabu. Akafunua kwingine. "Bouton."

"Kifungo. Nyinyi mmeandika: See you tomorrow."

Walikwenda kumi. Kumi zote. Meneja akafunga kijitabu, akamtazama Tai. Tai akalegeza ile tai, mara ya kwanza naiona inalegea.

"Ni makosa ya mchapaji, bosi."

Nikashindwa kujizuia. "Makosa ni ya mchapaji, ila jina la kwenye jalada ndilo lako?"

"Binti, toka nje," meneja akasema. Sikutoka. Akamgeukia Mama mkubwa, akaivaa ile sauti ya kubembeleza wagonjwa. "Mama, nimekuelewa. Umetusaidia sana. Lakini matokeo yameshabandikwa, na yule kijana ameshapewa barua. Tukitangua tutaonekana watu wa ajabu. Nakuomba hivi: turekebishie kijitabu kabla ya Alhamisi, kuna kundi kubwa la wageni linakuja. Na sisi tutakupa barua ya shukrani, na picha yako itawekwa ubaoni."

Nikamsikia Mama mkubwa akivuta pumzi. "Bosi, kilichobandikwa kinabanduka. Mimi sikuja kuomba picha. Daktari amenipa miezi sita, baada ya hapo vidole hivi havikunji. Ile meza ya mbele ndiyo mikono yangu. Umeona najua, au hujaona?"

"Nimeona, mama, lakini utaratibu..."

"Basi kijitabu ni cha mwenye jina lake. Arekebishe mwenyewe." Akazikusanya kadi zake, moja moja, hakufanya haraka. "Ila nimekwambia leo Jumatatu, nawe umesikia: watu wako wa mapokezi wamekariri kitu kilichogeuka. Alhamisi usiseme hukuambiwa."

Tukashuka. Nikamfokea ngazini: "Ungewatukana! Kwa nini hukuwatukana?"

"Kwa lugha ipi? Ile ya kijitabu?"

Aliporudi kwenye meza yake hakushika brashi. Akavuta kiti, akakaa. Msimamizi alipouliza, akamwonyesha cheti cha daktari. Madoa yakaanza kulundikana kwenye toroli, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, mlima wa mashati, naye amekaa pembeni yake na mikono imelala mapajani imepakwa mafuta. Msimamizi alimtishia kwamba atafukuzwa. Akamwambia, "Nifukuze kwa maandishi." Hakuna aliyeandika.

Juu nako Tai aliambiwa arekebishe. Dada wa simu ndiye aliyenisimulia: alikaa na simu yake akitafuta neno moja moja, akafika kama la sitini, akachoka, hata hayo sitini hakumpa mtu, akawaambia watu wa mapokezi makosa ni machache tu, wapokee wageni kama walivyosoma. Hiyo ndiyo kazi ya kuiba: unabeba mzigo usioujua uzito.

Alhamisi saa nne mabasi mawili yakasimama. Wageni arobaini na wawili. Mimi nilipandisha taulo makusudi, nikajibanza nyuma ya nguzo. Mapokezi wamepangwa mstari mlangoni, wamevaa mashati niliyoyanyoosha, na kijana aliyepata arobaini na nane yuko mbele. Meneja amesimama pembeni, mikono nyuma. Mgeni wa kwanza, mama mmoja mwenye kofia, akaingia.

Kijana akainama. "Manche, madame!"

Mstari wote: "Manche! Manche, monsieur!"

Yaani: mkono wa shati, mama. Mkono wa shati, baba. Ndiyo karibu yao hiyo. Wageni wakatazamana, wengine wakaangalia mikono ya mashati yao. Yule mama akauliza kitu. Kijana akamwinulia kiganja cha subiri kidogo, akasema kwa adabu, "Tache." Doa. Mama wa watu akajitazama kifuani, akajigeuza nyuma, akamuuliza mumewe, mumewe akamkagua sketi mbele ya kadamnasi. Na binti mwingine, maskini, alitaka kuuliza kama wana nguo za kufuliwa baada ya safari. Akamsogelea mzee aliyechoka, ana fimbo, akamtabasamia meno yote:

"J'en ai ras le bol, monsieur?"

Yule mzee aliangusha begi. Kiongozi wa msafara akaanza kufoka, wengine wakacheka, mmoja akatoa simu akarekodi. Nilitaka kucheka, nikashindwa. Wale mapokezi walikuwa wanatokwa jasho, hawajui wamekosa nini, wanazidi kukazana: manche, manche! Nikamtafuta Tai. Hayupo. Alikuwa ameshaona pa kupotelea.

Meneja akapotea naye, nikasikia viatu vyake kwenye ngazi zetu. Nikamkimbilia nyuma. Alifika chini akateleza kwenye maji, akashika toroli la madoa, mashati yakamwangukia.

"Mama, njoo juu. Tafadhali. Sasa hivi."

Mama mkubwa hakuinuka. "Kuna nini juu, bosi?"

"Wewe unajua kuna nini! Njoo, mengine tutaongea."

"Tumeshaongea Jumatatu. Leo tuandike."

Daftari la kazi lilikuwa pale mezani. Meneja akaandika akiwa amesimama, jasho linadondokea karatasi, kwamba kuanzia leo anahamishiwa meza ya mbele kwa majaribio ya miezi mitatu. Mama mkubwa akasoma. "Futa majaribio."

"Mama..."

"Nimejaribiwa miaka kumi na moja."

Akafuta. Akatia sahihi. Mashine zote sita zilikuwa zinazunguka na hakuna aliyekuwa akizitazama. Mama mkubwa akavua aproni yenye dawa, akanikabidhi, akapanda. Alipita mlango wa ndani, akasimama katikati ya ule ukumbi na malapa yake ya mpira, akasema maneno manne matano tu. Karibuni. Vumilieni kidogo tafadhali. Mzee, nikuletee kiti? Kwa Kifaransa kisicho na haraka, kama mtu anayetandika shuka. Kelele zikashuka. Yule mzee wa fimbo akajibu kitu kirefu, na Mama mkubwa akacheka, akamjibu. Mpaka leo sijui walisemezana nini, hakutaka kuniambia.

Sasa ungefikiri nimeridhika. Sijaridhika. Vijitabu vilikusanywa vikatiwa kwenye mapipa, lakini Tai yuko kwenye ofisi yake ile ile. Hakuombwa hata kuomba msamaha. Kijana wa mapokezi ndiye waliyetaka kumfukuza, ati ameiaibisha hoteli! Na nani aliyemtetea? Mama mkubwa. Siku ya pili tu nilimkuta amemkalisha kiti cha pembeni, anamfundisha upya, kadi kwa kadi. Nilimvuta kando.

"Huyu amekaa kwenye nafasi yako kwa alama za wizi, nawe unamfundisha?"

"Amesoma alichopewa. Amekariri maneno mia sita na arobaini kwa wiki moja, we unaweza? Hasira yako ni nzuri, mwanangu, lakini unampiga aliye karibu. Ipeleke kwa mwenyewe."

Nikaipeleka. Saa saba mchana, mlango wa Tai uko wazi, watu wanapita na sahani zao. Nilimwambia yote, kwa Kiswahili chote nilicho nacho, hakuna neno nililoliacha nyumbani. Nilimwambia kwamba mwizi wa nguo akivaa alichoiba angalau anakijua mbele na nyuma. Watu walisimama. Yeye alikuwa anapanga kalamu.

Kesho yake nikaletewa barua ya onyo, ameiandika yeye mwenyewe, kwa Kiingereza, nitie sahihi kwamba nimeipokea na nimekiri kosa. Nikaipeleka meza ya mbele. Mama mkubwa akaisoma mara mbili, akachukua kalamu nyekundu ya mapokezi, akaipitia.

"Ina makosa manne," akasema. "Mrudishie aandike upya. Mtu hatii sahihi kwenye barua isiyoeleweka."

Nimemrudishia. Akaandika nyingine, ikaja na makosa mawili. Nayo nimemrudishia. Wiki ya tano hii, sijatia sahihi.